Seli za ndani ya mishipa yangu zinatengeneza protini nyingi mno, au chache mno?

Swali: "Daktari, naomba unieleweshe. Nina miaka 48, presha ninayo mwaka wa sita sasa, na kisukari mwaka wa tatu. Mwezi uliopita nilipimwa mkojo nikaambiwa una protini. Daktari aliyenihudumia alisema utando wa ndani wa mishipa yangu ya damu umeanza kuchoka, akanianzishia dawa ya presha iitwayo enalaprili. Nyumbani nikaanza kusoma, nikakuta kwamba seli za utando huo ndizo zinazotengeneza protini nyingi za kulinda mishipa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Je, zinatengeneza protini kupita kiasi hadi zinamwagika kwenye mkojo, au zinatengeneza chache? Zinajuaje zitengeneze kiasi gani? Rafiki yangu ameniletea unga wa protini na vidonge vya arginini, anasema vitazipa seli malighafi. Bado sijavigusa. Na utando ukishachoka, hurudi ulivyokuwa?"

Jibu:

Ndugu yangu, kwanza nimefurahi kwamba hujavigusa vile vidonge na ule unga. Nitakueleza kwa nini, lakini naomba uvumilie nianzie mbali kidogo, kwa sababu jibu la unga na arginini limo ndani ya swali lako gumu zaidi: seli zinajuaje zitengeneze nini, na kwa kiasi gani.

Naielewa hofu yako. Umeambiwa mambo mawili ndani ya dakika chache, kwamba mkojo una protini na kwamba utando wa mishipa umechoka, kisha ukasoma kwamba utando huo hutengeneza protini. Yeyote angeyaunganisha hayo akadhani mishipa inazalisha hadi inamwaga. Kilichokupotosha ni neno moja tu. Protini iliyoonekana kwenye mkojo wako na protini zinazotengenezwa na utando wa mishipa si kitu kimoja, na wala hazitoki mahali pamoja.

Ile ya kwenye mkojo, kwa sehemu kubwa, ni albumini. Albumini hutengenezwa na ini, gramu 10 hadi 15 hivi kila siku, na kazi yake kubwa ni kuyashikilia maji yabaki ndani ya mishipa na kubeba vitu mbalimbali kwenye damu. Kile kijiti walichochovya kwenye mkojo wako kina kipande kidogo cha njano ambacho hugeuka kijani kikikutana na albumini. Rangi ile haisemi kwamba kuna kiungo kinachozalisha kupita kiasi. Inasema kwamba mahali fulani panavuja.

Panapovuja ni kwenye figo. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba sana, yaani kapilari. Ukuta wa kapilari hizo una tabaka tatu: ndani kabisa kuna seli za utando zilizotobolewa vitundu vidogo mno, katikati kuna kiwambo, na nje kuna seli zenye vidole zilizoikumbatia kapilari. Juu ya seli za ndani, upande unaoguswa na damu, kuna ute wa sukari na protini ambao seli zenyewe huutengeneza na kuutandika kama zulia. Ute huo husaidia kuizuia albumini isisogelee vile vitundu. Sukari ikikaa juu miaka mingi, na presha ikisukuma bila kupumzika, ute hupungua, vidole vya seli za nje hulegea, na albumini hupata njia.

Kwa hiyo utando wako unahusika kweli, ila si kwa kuzalisha albumini. Unahusika kwa sababu baadhi ya vitu unavyopaswa kutengeneza umevipunguza, na baadhi ya vile usivyopaswa kutengeneza kwa wingi umeviongeza. Kwa swali lako la "nyingi au chache," jibu la kweli ni yote mawili kwa wakati mmoja, kila protini na hali yake.

Sasa tuingie ndani ya seli. Utando huu ni seli moja tu kwa unene, lakini umetandikwa ndani ya kila mshipa wa mwili, kuanzia ule mkubwa unaotoka moyoni hadi kapilari ambayo chembe nyekundu hupita moja moja kwa kujibana. Zamani ulidhaniwa ni kama bitana ya koti, kitu cha kufunika tu. Mwaka 1980 Robert Furchgott na mwenzake John Zawadzki walionyesha kwamba vipande vya mshipa vikikwanguliwa utando wake, mshipa haulegei tena ukipewa asetilikolini, kemikali ambayo kwa kawaida huulegeza. Ukiachiwa utando, unalegea. Kumbe utando ulikuwa unatuma ujumbe. Ujumbe wenyewe ulikuja kutambuliwa kuwa gesi, nitriki oksidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Niliwahi kukaa maabara muda mrefu nikikuza seli hizi, zinazotolewa kwenye mshipa wa kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Ukizitazama kwenye kisahani chenye kimiminika kilichotulia, utaona vipande vyenye pembe nyingi vilivyobanana kama mawe ya sakafu, kila kimoja kimeelekea kwake. Ukiwasha pampu ili kimiminika kipite juu yake kwa mwendo unaofanana na wa damu kwenye ateri, ukarudi kesho yake, seli zimejinyoosha na zote zimelala kufuata mkondo, kama samaki waliogeuzia vichwa upande mmoja. Hakuna aliyeziongezea chakula, na kimiminika ni kilekile. Kilichobadilika ni mguso wa mkondo tu, na bado orodha ya protini zinazotengenezwa ndani yake imebadilika. Nilikuwa nikiliona jambo hilo mara kwa mara, na kila mara nilisimama kulitazama.

Shika hapo, kwa sababu ndipo ulipo moyo wa jibu langu. Karibu kila seli ya mwili wako inabeba maelekezo yote ya protini zote katika DNA yake, lakini husoma machache tu. Yapi yasomwe, huamuliwa na habari zinazoifikia seli. Seli ya utando inapokea habari za namna nyingi: damu inavyoikwaruza inapopita, ukuta unavyotanuka kwa presha, sukari na oksijeni zilivyo, na kemikali zinazotolewa na chembe za kinga zikiwa vitani.

Tuchukue habari ya mkondo. Damu ikipita vizuri, kwa mwelekeo mmoja, ule ute wa juu na protini zinazoshikanisha seli na seli huvutwa kidogo. Mvuto huo hugeuka kuwa ishara za kikemikali zinazofika hadi kwenye kiini, na huko hupandisha protini iitwayo KLF2. Hii ni moja ya protini zenye kazi ya kufungua na kufunga kurasa za DNA. KLF2 hufungua ukurasa wa kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksidi, ambacho tukifupisha tunakiita eNOS. Hufungua pia ukurasa wa trombomodulini, protini inayokaa juu ya seli na kuzuia damu isigande ovyo. Wakati huohuo hubana kurasa za protini za kunata, zile zinazozikamata chembe nyeupe zinazopita.

Kwenye kona za mishipa na pale mshipa mmoja unapogawanyika kuwa miwili, damu huzunguka na kurudi nyuma. Hapo KLF2 hushuka, na protini za kunata hupanda. Ndiyo maana mafuta ya kolesteroli hujijenga zaidi kwenye njia panda za mishipa, ingawa damu yenye kolesteroli ileile imepita kila mahali.

Habari ya pili ni ya vita. Chembe za kinga zikigundua adui, au zikisumbuliwa na sukari na mafuta kwa muda mrefu, hutoa kemikali kama TNF. Ndani ya seli ya utando kuna protini iitwayo NF-kappa B, ambayo siku za amani hushikiliwa nje ya kiini na protini nyingine, mlinzi wake. TNF ikigusa seli, mlinzi huyo huharibiwa, NF-kappa B huingia kwenye kiini na kuanza kufungua kurasa za vita. Mojawapo ni ya selektini E, protini ya kunata inayozipunguza mwendo chembe nyeupe ili ziingie kwenye tishu. Huonekana juu ya seli baada ya saa moja au mbili, hufikia kilele kwenye saa 4 hadi 6, na kwa kawaida ndani ya siku moja imeshashuka sana.

Inashukaje? Miongoni mwa kurasa ambazo NF-kappa B huzifungua, umo ukurasa wa mlinzi wake yuleyule. Inaagiza kutengenezwa kwa kitu kitakachokuja kuishika na kuirudisha nje. Vita vya mwili vimewekewa breki tangu vinapoanza. Shida ya kisukari, presha na sigara ni kwamba kengele haiachi kulia: kabla breki haijakamata vizuri, ishara nyingine imeingia. Madaktari wakisema utando "umechoka," mara nyingi wanachomaanisha ni seli iliyoachwa katika hali ya vita miezi na miaka.

Kufungua ukurasa bado si kutengeneza protini. Ukurasa hunakiliwa kwanza kuwa RNA mjumbe, kisha nakala hiyo hupelekwa kwa ribosomu, mashine zinazounga asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, moja baada ya nyingine. Nakala zina umri. Ya eNOS kwa kawaida hudumu muda mrefu, lakini TNF huufupisha umri wake, kwa hiyo kimeng'enya hupungua hata kama ukurasa wenyewe haujafungwa. Kuna pia vipande vifupi vya RNA, mikro-RNA, ambavyo hunasa nakala na kuzizuia zisisomwe. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipata Nobel ya mwaka 2024 kwa kuvigundua. Seli za utando zina kimoja kwa wingi sana, miR-126, na moja ya kazi zake ni kuzuia nakala za protini ya kunata iitwayo VCAM-1. Na ribosomu nazo zina breki yao: seli ikizidiwa na protini zilizokunjwa vibaya, hupunguza kasi ya utengenezaji karibu wote mpaka ijipange upya.

Kisha kuna ghala. Mwaka 1964 Ewald Weibel na George Palade, wakitumia hadubini ya elektroni, waliona ndani ya seli hizi vijiti ambavyo havikuwa vimewahi kuelezwa. Leo tunajua ni maghala ya protini ndefu iitwayo kigezo cha von Willebrand, ambayo husaidia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, kushika mahali palipochanika. Ukijikata kidole, seli haingoji ukurasa usomwe; hufungua ghala ndani ya dakika chache. Kwa hiyo hata "kiasi cha protini" kwenye damu hakilingani na kasi ya kutengeneza. Huenda kimepanda kwa sababu ghala limefunguliwa.

Kwa hali yako, nataka tukae zaidi kwenye hatua ya mwisho: protini imeshatengenezwa, ipo mahali pake, lakini inafanya kazi mbaya. Kimeng'enya cha eNOS hufanya kazi kikiwa wawili wawili, na kinahitaji msaidizi mdogo aitwaye BH4. Presha na sukari vikizalisha molekuli kali za oksijeni kwa wingi, msaidizi huyo huharibiwa. Bila yeye, kimeng'enya kilekile kilichokuwa kikitengeneza nitriki oksidi ya kulegeza mshipa huanza kutema molekuli kali za oksijeni na kuongeza uharibifu. Ukikihesabu, kipo, pengine hata kimeongezeka. Ukipima kazi yake, kimegeuka.

Sasa unaweza kuona kwa nini sikubaliani na hoja ya malighafi. Fundi cherehani hashoni nguo nyingi zaidi kwa sababu umemrundikia vitambaa. Anashona kwa oda. Ukimletea vitambaa huku oda zote zilizo mezani ni za sare za vita, atashona sare za vita. Na ikiwa cherehani yake imeharibika sindano, vitambaa havitaitengeneza.

Arginini ndiyo malighafi ambayo eNOS huitumia kutoa nitriki oksidi, kwa hiyo wazo la rafiki yako halikutoka hewani. Hata watafiti walilifikiria. Lakini kiasi cha arginini kilichomo ndani ya damu na seli, hata bila nyongeza, ni kikubwa mara nyingi kuliko kile kimeng'enya kinachohitaji. Nchini Marekani arginini ilijaribiwa kwa watu waliotoka kupata shambulio la moyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: haikuboresha mishipa wala moyo, na utafiti ulisimamishwa kwa sababu waliofariki walikuwa upande wa waliopewa arginini. Wewe hujapata shambulio la moyo, na sisemi kidonge kimoja kingekudhuru. Nasema sina sababu nzuri ya kukupa, na nina sababu nzuri ya kukuzuia. Isitoshe, inaweza kushusha presha ikichanganyika na dawa zako.

Unga wa protini ninauogopa zaidi. Chakula chenye protini nyingi huongeza damu inayoingia kwenye vichujio vya figo na shinikizo lililomo ndani yake, na vichujio vyako vimeshaanza kuvuja. Usijaribu pia kufidia albumini inayopotea kwa kula protini nyingi zaidi. Watu wengi hudhani hivyo, na ini halifanyi kazi kwa namna hiyo. Kwa mtu ambaye uwezo wa figo kuchuja umeshapungua, miongozo ya magonjwa ya figo hutaja gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 75, kwa mfano, ni gramu 60, ambazo mlo wa kawaida huzifikisha bila unga wowote. Wala usijinyime hadi ukakonda. Uliza kwanza kreatinini yako, ile taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, ikoje, ndipo wewe na daktari wako, au mtaalamu wa lishe, mpange kiasi.

Enalaprili yako, kwa upande wake, imelengwa moja kwa moja kwenye protini inayotengenezwa na seli tunazozizungumzia. Juu ya seli za utando, na kwa wingi zaidi kwenye mapafu, kuna kimeng'enya kiitwacho ACE. Hicho hutengeneza angiotensini ya pili, inayobana mishipa. Ndani ya figo hubana zaidi mshipa unaotoka kwenye kichujio, na shinikizo hupanda ndani kama bomba lililominywa mdomoni. Kimeng'enya hichohicho huvunja bradikinini, kemikali ambayo huiambia seli ya utando itoe nitriki oksidi. Enalaprili hukizuia. Kwa hiyo kichujio hupumua, albumini inayovuja hupungua, na seli hupata tena ile ishara ya kulegeza mshipa. Bradikinini ikibaki nyingi, baadhi ya watu hupata kikohozi kikavu kisichoisha. Ukikipata, usiache dawa kimyakimya. Zipo dawa za kundi la losartani zinazofanya kazi karibu sawa bila kikohozi hicho.

Si dawa hiyo pekee inayobadilisha habari zinazofika kwenye seli. Statini, ambazo watu huzijua kama dawa za kolesteroli, hupandisha KLF2 na kurefusha umri wa nakala za eNOS. Kwa mwenye kisukari wa umri wako ni vyema uulize kama unastahili kupewa. Zipo pia dawa za kisukari za kundi la dapagliflozini na empagliflozini zinazolinda figo. Uliza kama zinakufaa. Kwa wengi wenye kisukari presha hulengwa chini ya 130/80, lakini lengo lako apange anayekuona. Ukiwa na mazoea ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila mgongo ukiuma, mwambie leo hii, kwa sababu hupandisha presha na kuzisumbua figo, hasa zikichanganywa na enalaprili.

Na kutembea? Hapa nasema kwa msisitizo wote nilio nao. Ukitembea kwa kasi mpaka moyo uende mbio kidogo, damu hupita kwenye mishipa yako kwa mkondo ule nilioufungulia pampu maabara. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2003 uliwahusu wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wa mishipa ya moyo. Waliofanya mazoezi kwa wiki nne, vipande vya mshipa wao vilikutwa na eNOS karibu mara mbili ya wale ambao hawakufanya, na sehemu kubwa zaidi ya kimeng'enya hicho ilikuwa katika hali ya kufanya kazi. Wiki nne, kwa watu wenye mishipa iliyoharibika tayari.

Hapo limo jibu la swali lako la mwisho, lakini sitalipamba kupita ukweli. Seli ya utando iliyokaa katika hali ya vita inaweza kurudi katika amani. Ikibadilishiwa habari, hubadili inachotengeneza, na albumini kwenye mkojo mara nyingi hupungua, wakati mwingine hadi kiwango cha kawaida. Ambacho hakirudi ni kichujio cha figo kilichokwisha kuwa kovu. Mtu mzima haoteshi vichujio vipya. Ndiyo maana ninapenda kumpata mtu katika hatua uliyopo wewe, protini zikiwa zimeanza kuonekana tu, kuliko kumpata miaka kumi baadaye.

Kuna mambo ambayo hayangojei miadi. Ukianza enalaprili kisha midomo, ulimi au uso ukavimba, usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali papo hapo. Vivyo hivyo ukipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja, ulimi kuwa mzito, au presha ya 180/120 na zaidi pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu. Miguu na uso vikivimba, mkojo ukiwa na mapovu mengi yasiyoisha, ukipungua sana au ukiwa na damu, onana na daktari ndani ya siku chache, usisubiri mwezi. Ukiharisha au kutapika sana, piga simu kabla ya kumeza dozi inayofuata, kwa sababu mwili uliokaukiwa maji pamoja na dawa hii huziumiza figo. Na kama wewe ni mwanamke na bado upo uwezekano wa kushika mimba, lisemwe mapema: enalaprili haifai kwa mjamzito. Mjamzito yeyote anayesoma hapa, mwenye presha na protini kwenye mkojo, aende kituo cha afya leo. Hali yake ni tofauti na yako na haina subira.

Wewe unahitaji kurudi kliniki wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza dawa, upimwe kreatinini na potasiamu. Kreatinini ikipanda kidogo mwanzoni usiogope, ni dalili kwamba shinikizo ndani ya kichujio limeshuka. Ikipanda zaidi ya asilimia 30 daktari atataka kujua sababu. Omba pia kipimo cha mkojo kinacholinganisha albumini na kreatinini, kwa sababu kile kijiti hubabaishwa na mkojo kuwa mzito au mwepesi. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi au mazoezi makali ya jana yake yanaweza kuipandisha kwa muda, kwa hiyo jibu moja halitoshi. Tunataka vipimo viwili kati ya vitatu, ndani ya miezi 3 hadi 6, viwe juu ya kawaida, ndipo tuseme kweli inavuja. Siku ya kupima peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi, na ubebe ule unga na vile vidonge vikiwa kwenye vifungashio vyake, daktari wako asome mwenyewe kilichoandikwa.